Lugha Inayojua Kuaga

Duka dogo likifungwa moja kwa moja nchini Japani, mwenyewe haondoki kimya. Hubandika karatasi mlangoni, mara nyingi kwa mwandiko wake mwenyewe. Huwashukuru wateja, hutaja siku, kisha baada ya siku huweka o mochimashite, umbo la adabu la o motte: hapa ndipo mwisho. Hasemi kwamba ameamua kufunga. Huandika heiten itasu koto to narimashita, yaani imekuwa kwamba duka linafungwa. Uamuzi ni wake, lakini hajiweki mbele. Mstari wa mwisho ni wa shukrani kwa miaka yote waliyompenda.

Katika Kijapani chote, hakuna ninachokistahi kama ufundi huu wa kuweka kikomo. Saa ya kufunga ya kila jioni hutajwa kwa made, "mpaka" ya kawaida, kwa kuwa kesho mlango utafunguliwa tena. O motte ni ya kikomo rasmi: ndiyo ya mwenyekiti anayefunga mkutano na ya ofisi inayositisha huduma. O kagiri ni hukata jambo lililokuwa likiendelea. Kyō o kagiri ni, leo iwe mwisho, husema mtu anayeacha sigara. Na mtu akitoka asirudi, kitenzi hufuatwa na kiri: dekaketa kiri, katoka, ndiyo basi tena. Ni silabi mbili tu, na ndani yake mna nyumba nzima inayosubiri.

Utamu zaidi umo katika sue ni na ageku. Zote husema "baada ya hayo yote", ila hukumu zake ni mbili. Aliyetafakari sana hata akafikia uamuzi hutumia sue ni. Aliyesitasita, akahangaika, na bado mambo yakamharibikia, hutumia ageku. Na ageku ina nasaba ya heshima. Katika renga, ushairi ambao watunzi hupokezana beti, ubeti wa kwanza huitwa hokku na wa mwisho ageku. Matsuo Bashō, aliyefariki mwaka 1694, aliongoza mabaraza ya utungo wa aina hiyo, na mara nyingi yakafungwa kwa ubeti wa 36. Baadaye hokku ilijitenga, ikaitwa haiku, ikapata sifa dunia nzima. Ageku imebaki midomoni mwa wanaolalamika. Washairi wetu wa Kiswahili, waliozoea kutangaza kaditama kabla ya kuweka kalamu chini, wataihisi hasara hiyo. Shairi halikomi kwa sababu wino umekwisha. Mtunzi ndiye hulikomesha, na hapo ndipo umahiri wake hupimwa.

Kuna pia vikomo vya moyo. Utovu wa adabu uliopindukia huitwa shitsurei kiwamaru, umefika ukomo. Huitwa vilevile shitsurei kiwamarinai, hauna ukomo. Kauli moja yakubali, nyingine yakanusha, na maana ni ileile, kwani hasira ikishafika huko haina haja ya mizani. Aliyetunukiwa jambo kubwa husema kōei no itari, upeo wa heshima. Na anayewaaga vijana wanaohitimu huwaombea kheri kwa negatte yamanai: naomba, wala sikomi kuomba. Hotuba inafika mwisho, dua inaendelea.

Wageni tunaojifunza lugha hii hukutana na hazina hiyo kwanza katika vitabu vya kujiandaa na mtihani. Mtihani wa Umahiri wa Lugha ya Kijapani, ulioanza mwaka 1984 na wenye ngazi tano tangu 2010, huyapima maumbo haya katika ngazi zake za juu, N2 na N1. Mwanafunzi huchagua jibu la sarufi kati ya manne. Haandiki sentensi yake, hatamki neno. Anaweza kufaulu na kupewa cheti bila kuwahi kumuaga binadamu yeyote kwa o motte. Ufundi umegeuzwa orodha, na orodha husahaulika mtihani ukipita.

Huko Japani kwenyewe, maduka mengi ya mitaa ya zamani yamefungwa hata mitaa mingine ikapewa jina la shattā-gai, mitaa ya milango iliyoshushwa. Mzee anayeandika karatasi yake ya kuaga huenda hana wa kumrithi dukani, wala wa kuurithi mwandiko ule. Na sisi tunakata simu kwa haraka, tunaacha ujumbe bila jibu, tunatoweka katika maisha ya watu kana kwamba mwisho hauhitaji kutamkwa. Anayekoma bila kusema huwaachia wenzake kazi ya kukisia. Kuambiwa wazi kwamba jambo limefika tamati, pamoja na shukrani kwa yaliyotangulia, ni haki ya kila aliyekuwa nasi. Wajapani waliitungia haki hiyo sarufi nzima. Inasikitisha kuona wanaoijua kwa kuchagua jibu wakiongezeka, na wanaoijua kwa kuaga wakipungua.