Senti 50 za Kumtazama Afong Moy

Oktoba 1834, meli iitwayo Washington iliingia New York ikitoka China. Ndani yake alikuwamo msichana aliyetangazwa kwa jina la Afong Moy, ambaye wanahistoria humtaja kuwa mwanamke wa kwanza wa Kichina anayejulikana kufika Marekani. Nathaniel na Frederick Carne, wafanyabiashara wa bidhaa za China, walimkalisha katikati ya samani na mapambo ya kwao. Kiingilio kilikuwa senti 50. Watu walikuja kumwona akila kwa vijiti, akijibu maswali kupitia mkalimani wake Atung, na hasa akitembea kwa miguu iliyofungwa tangu utotoni ili isikue. Bidhaa zilizomzunguka zilitafutiwa wanunuzi, naye ndiye aliyekuwa tangazo lake.

Tamthilia ya Lloyd Suh, The Chinese Lady, iliyoonyeshwa kwanza mwaka 2018, inamrudisha kwenye kiti hicho. Jukwaani wako wawili tu, yeye na Atung, naye anazungumza nasi moja kwa moja. Huwezi kuwacheka watazamaji wa 1834 wakati na wewe umekata tiketi. Hapo Suh ametubana vizuri.

Sehemu za mwisho ndizo zinazonipa shida. Afong Moy anaanza kutuhesabia maafa yaliyowapata Wachina Marekani, pamoja na sheria ya 1882 iliyowafungia mlango vibarua wao. Naelewa kwa nini: wengi ukumbini hawajawahi kuyasikia. Lakini akina Carne walimfanya msichana mmoja awe China nzima, na sasa tamthilia inamfanya awe Wachina wote wa Marekani. Nia ni tofauti kabisa, ila mzigo anaobebeshwa unafanana.

Na mzigo huo si mambo ya jukwaani tu. Mwaka 1875, miaka 41 baada ya Afong Moy kushuka melini, Marekani ilipitisha Sheria ya Page, iliyopiga marufuku kuwaingiza wanawake wa Asia Mashariki kwa ajili ya ukahaba. Kiutekelezaji, karibu kila mwanamke wa Kichina alishukiwa. Aliyetaka kusafiri kutoka Hong Kong alihojiwa kwanza na maofisa wa konseli ya Marekani, athibitishe kuwa ni mtu wa heshima. Aliyezoeleka kutazamwa kama mfano wa wenzake wote, hukumu yake nayo ikawa ya wote.

Ndiyo maana onyesho ninalolirudia ni lile la Rais Andrew Jackson. Atung anatafsiri, na anapindisha maneno ya pande zote mbili. Rais hamsikii Afong Moy, wala Afong Moy hamsikii Rais. Katika utafiti wangu wa shahada ya uzamili nakutana na hali hiyo hiyo: tunachojua juu yake kimetoka kwa waliomtangaza na waliokwenda kumtazama, kisha katikati ya karne ile anatoweka magazetini.

Wengi huisifu tamthilia hii kwa kumpa Afong Moy sauti. Mimi naisifu kwa onyesho hilo moja, ambapo inakiri kwamba sauti yake hatunayo.