Puto Linaloinua Mfupa: Tumelionja Kericho

Puto limejaa, na mfupa umeinuka! Nimeliona kwa macho yangu, hapa hapa Kericho, katika ukumbi wa hoteli ambako muuzaji wa vifaa vya upasuaji alikuwa ametandaza bidhaa zake mbele ya madaktari na wauguzi, nami nikajipenyeza hadi mstari wa mbele. Mezani palikuwa na pingili ya uti wa mgongo ya plastiki, imebonyea upande wa mbele. Fundi wake akaingiza mrija mwembamba kwa nyuma, akapitisha puto lililokunjwa, akaanza kuzungusha mpini wa pampu yenye saa ya kupimia presha. Polepole paa la pingili likapanda. Milimita chache tu, lakini watu walisimama vitini! Kisha akanipa mpini. Jamani, unahisi! Kila mzunguko ni mzito kuliko uliotangulia, mshale wa presha unapanda, halafu ghafla unashuka kidogo: hapo mfupa umekubali.

Hii ndiyo kaifoplasti. Mgonjwa hulala kifudifudi, anapigwa ganzi na kupewa dawa ya kumsinziza, au analazwa usingizi kabisa. Daktari hatoboi kwa kubahatisha. Anaongozwa na eksirei yenye mkono uliopinda, ile inayoonyesha picha papo hapo, sindano ikipita kwenye nguzo fupi ya mfupa iliyo nyuma ya pingili hadi ndani. Mara nyingi hutobolewa pande zote mbili, na kila tundu la ngozi halifiki hata sentimita moja. Puto hujazwa maji yenye dawa inayoonekana kwenye eksirei, linapunguzwa, linatolewa, na linaacha shimo safi. Shimo hilo hujazwa saruji.

Sasa hiyo saruji, hapo ndipo niliposahau hata chai yangu mezani! Ni unga na maji ya kemikali vinavyochanganywa dakika hiyo hiyo. Mwanzoni ni uji mwepesi, kisha inashika kama kimyet, ugali wetu, kinachokaribia kuepuliwa, na ni wakati huo tu ndipo inafaa kusukumwa ndani. Ikiwa nyepesi mno itavuja, ikikawia imekuwa jiwe. Nilishika kipande kilichobaki kwenye kibakuli. Kilikuwa na joto, kwa sababu saruji hii hutoa moto inapoganda, na baada ya dakika chache nilikigonga mezani kikalia kokoto. Ni jamaa wa plastiki ileile inayotumika kutengenezea meno bandia. John Charnley, Mwingereza aliyebuni nyonga bandia tunayoijua leo, alikuwa akiitumia kushikiza nyonga tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Kuisukuma ndani ya uti wa mgongo kwa sindano kulianza Amiens, Ufaransa, mwaka 1984, mikononi mwa Galibert na Deramond, na wao hata hawakuwa wakitibu mfupa uliodhoofika kwa umri. Mgonjwa wao alikuwa na uvimbe wa mishipa ya damu ndani ya pingili ya shingo. Puto lilikuja baadaye, wazo la daktari Mark Reiley wa California, likaanza kutumika mwaka 1998. Njia ya Amiens, ya saruji bila puto, inaitwa vertebroplasti. Ikumbukeni njia hiyo, tutairudia.

Mbona nichangamke hivi kwa kifaa cha hospitali? Kwa sababu ya akina kogo, yaani bibi zetu wa huku kwetu. Pita njia ya Litein na Kapkatet hadi Kaplong, kata kuelekea Bomet, utawaona kwenye vituo vya kununulia majani ya chai, wamesimama foleni na magunia yao, mgongo umepinda, na kila mtu anaona ni kawaida. Nimewahi kukaa kwenye benchi la zahanati moja nikisikiliza maongezi ya mlango wazi.

"Chamgei, kogo. Ulianguka wapi?"

"Sikuanguka, mwanangu. Niliinua tu kibuyu cha mursik."

"Kibuyu tu?"

"Kibuyu tu. Nikasikia kitu kimevunjika hapa." Akaonyesha pale mbavu zinapoishia.

Akaandikiwa dawa za maumivu, akaambiwa ni uzee, akapanda bodaboda kurudi nyumbani. Bodaboda, na pingili imevunjika!

Pale alipoonyesha, mgongo wa juu unapokutana na kiuno, ndipo pingili hubonyea zaidi. Ugonjwa wenyewe ni osteoporosisi: mfupa unapoteza uzito wake ndani huku nje unaonekana mzima, hasa kwa mwanamke baada ya hedhi kukoma, au kwa yeyote aliyekaa muda mrefu kwenye vidonge vya prednisoloni kwa ajili ya pumu au ugonjwa wa viungo. Inakadiriwa kwamba theluthi mbili hivi ya mivunjiko hii ya pingili haitambuliwi kabisa. Mama anapungua kimo, rinda linaburuta mbele, kibiongo kinaota, na mwenye pingili moja iliyovunjika yumo hatarini zaidi kuvunjika ya pili.

Nisieleweke vibaya, si kila mgongo wa mashamba ya chai una ugonjwa huu. Wachumaji wa Kericho waliokwenda hadi mahakama ya Edinburgh kudai fidia kutoka kwa James Finlay (Kenya) walilalamikia majeraha ya kazi yenyewe, kuinama na kubeba. Hilo ni jeraha jingine na saruji haina neno nalo. Diski iliyotoka, misuli iliyochoka, mshipa uliobanwa: puto halisaidii. Hili ni la pingili iliyobonyea, tena iliyobonyea karibuni.

Halafu kuna kifua kikuu. Huku kwetu kibiongo cha ghafla kinaweza kuwa TB ya uti wa mgongo, na kusukuma saruji kwenye mfupa wenye maambukizi ni balaa. Inaweza pia kuwa saratani. Nilimuuliza fundi daktari atajuaje tofauti, nikidhani nitambana, naye akaniduwaza: kupitia mrija uleule, kabla ya puto, daktari anaweza kuchota kipande cha mfupa kikapimwe maabara. Njia moja, kazi mbili! Hata hivyo uchunguzi wa kutosha unatakiwa kufanywa kabla mgonjwa hajafika mezani, na mwanzo wake ni kitu cha bei nafuu, eksirei ya mgongo iliyopigwa kwa ubavu. Ya mbele peke yake hudanganya.

Muuzaji hakutaja mwaka 2009, kwa hiyo nautaja mimi. Mwaka huo majaribio mawili, la Australia lenye wagonjwa 78 na lililoongozwa na Marekani lenye 131, yalilinganisha vertebroplasti na utaratibu wa kuigiza: ngozi ilipigwa ganzi, mgongo ukagongwa-gongwa, saruji haikuingia. Maumivu yalipungua karibu sawasawa pande zote! Nilipoyasoma nilitaka kukifunga kitabu. Lakini mwaka 2016 Waaustralia wengine wakachukua wagonjwa 120 waliovunjika chini ya wiki sita na wenye maumivu makali, na hapo saruji ikashinda. Miaka miwili baadaye Waholanzi wakajaribu tena, haikushinda. Kaifoplasti nayo ilikuwa na jaribio lake la watu 300, lililochapishwa mwaka huohuo wa 2009, waliotiwa puto wakaendelea vizuri zaidi mwezi wa kwanza. Kasoro yake ni kwamba kila mmoja alijua amepata nini. Mimi nasoma hivi: kogo mwenye mvunjiko mpya ambaye hawezi kugeuka kitandani, mpelekeni. Mwenye maumivu ya mwaka mzima yanayokuja na kuondoka, hapana. Saruji huvuja mara nyingi bila madhara, lakini mara chache hufika kwenye mapafu au kubana mishipa ya fahamu, na hilo si la kufichwa na kijitabu cha rangi.

Je, hapa nyumbani? Bomet tuna Tenwek, hospitali ya misheni iliyoanza mwaka 1937, inayojizalishia umeme kutoka maporomoko ya mto Nyangores na kufundisha madaktari wa upasuaji wa mifupa. Mikono ya kujifunza kazi hii tunayo, na mikono ndiyo ngumu kuipata. Kinachonikera ni puto. Linatumika mara moja, linatupwa! Familia inayosubiri bonasi ya chai kutoka KTDA kulipa karo haitalipia puto mfukoni, na kabla ya kulazwa, mtu aulize bima ya afya ya SHA italipa nini na kuacha nini.

Na kuna chupa moja ndogo iliyokuwa pembeni ya meza, bila taa, bila umati. Asidi ya zoledroniki, dripu ya mara moja kwa mwaka. Katika utafiti mkubwa wa mwaka 2007 ilipunguza mivunjiko mipya ya pingili kwa asilimia 70 katika miaka mitatu. Nani alipiga nayo picha? Hakuna, mimi mwenyewe nikiwemo, nilikuwa bado na mpini wa pampu mkononi. Kuinua pingili moja na kuiacha mifupa mingine ilivyokuwa ni kazi nusu.

Kwa hiyo kama ningepewa bajeti ya kaunti zetu mbili, nisingeanza na puto, japo limenifurahisha mno. Ningenunua sindano na saruji za vertebroplasti, ambazo ni nafuu zaidi, nikaziweka Tenwek kwa wale wachache waliovunjika juzijuzi. Dripu ningezipeleka hospitali za Longisa na Kapkatet kwa ajili ya wote, na kila kliniki ya wazee ningeipa ukuta uliochorwa vipimo vya kimo, mama apimwe kila anapokuja, aliyepungua sentimita kadhaa apigwe eksirei ya ubavu siku hiyohiyo. Puto lije mwaka wa pili. Ila likija, nipigieni simu mapema, nataka mstari wa mbele tena!