Tendo na Kauli katika Filamu ya Commando
Filamu ya Commando (1985), iliyoongozwa na Mark L. Lester, ina msuko mwepesi: binti wa Matrix anatekwa, naye baba anaua hadi amkomboe. Wepesi huo ndio nguvu yake. Mtazamaji wa Nkowe, wilayani Ruangwa, huufuata hata bila Kiingereza. Maadui, hata hivyo, huanguka kama mabua makavu, na kinyongo cha Bennett kimeguswa juujuu tu. Kinachonivutia zaidi ni mzaha unaotegemea kauli: Matrix anamwahidi Sully kuwa atamuua mwisho, kisha anamwachia bondeni na kukiri kuwa alidanganya. Ahadi ile isipotafsiriwa, hubaki mauaji matupu. Kwa hiyo msimulizi wa banda la video, anayefuata nyayo za Derek Mukandala (Lufufu), anastahili kuhakikiwa kama mtunzi, si mkalimani tu.