Heko kwa Mafundi wa Mlingoti

Gari kwenye tangazo limeshika mwendo wa kutisha: lami imegeuka michirizi, magurudumu yanazunguka, lakini nembo ya mbele inasomeka herufi kwa herufi. Kumbe mara nyingi injini imezimwa na watu wanalisukuma taratibu!

Wapiga picha wa matangazo kama haya wanastahili heko. Hufunga mlingoti wa alumini au kaboni kwenye bodi kwa vikombe vya kunyonya, kamera ikaning'inia mita kadhaa kutoka kwenye gari. Kwa kuwa kamera na gari huenda pamoja, gari hubaki tuli mbele ya lenzi. Barabara ndiyo inayopita. Shata huachwa wazi sekunde moja, mbili, hata zaidi, na mchana lenzi huvikwa kichujio cheusi ili mwanga usiunguze picha. Injini ikinguruma, mtetemo wake hupanda hadi kwenye kamera na picha ikavurugika. Ndiyo sababu ya kusukuma.

Baadaye mlingoti hufutwa kwenye kompyuta, pamoja na kivuli chake na taswira yake kwenye boneti inayong'aa. Picha nyingine iliyopigwa bila mlingoti husaidia kuziba pengo. Mimi hukagua boneti kwanza, na kwa mafundi waliobobea sijaona hata alama.