Uso Mmoja, Hali Nyingi

Ukitoka Kindu, nchini Kongo, kwenda mashariki, upande wa Pangi, unaingia nchi ya Walega. Wachongaji wao waliwatengenezea watu wa chama cha Bwami kinyago kiitwacho lukwakongo: uso mdogo wa mti, uliopakwa udongo mweupe, wenye ndevu za nyuzi. Hawakuchonga uso wa kucheka na mwingine wa kulia. Uso ulikuwa mmoja, mtulivu. Mchezaji aliufunga mkononi, akauweka kichwani, akautundika kwenye ua, hata akauburuta kwa ndevu zake, na kila mara methali iliupa hali mpya. Serikali ya Wabelgiji ilipiga Bwami marufuku mwaka 1948. Heshima ya kazi hiyo haikufutika.

Nawapongeza wachongaji hao, na pamoja nao nawapongeza wenzao wa leo, mafundi wa nyuso za kompyuta. Kwao uso ni wavu wa maelfu ya nukta, na tabasamu ni hesabu ya jinsi kila nukta inavyosogea. Nyuso mbili zikiwa na nukta zilezile kwa mpangilio uleule, tabasamu huhamishwa upesi. Zikitofautiana, ndipo kazi inapoanza: kila nukta itafutiwe mwenzake, pembe ya mdomo kwa pembe ya mdomo, kope kwa kope. Watafiti Jun-yong Noh na Ulrich Neumann walionyesha njia ya kufanya hivyo mwaka 2001, huko Marekani. Hata hivyo mkono bado unahitajika, kwa kuwa tabasamu la kijana likivishwa mzee mwenye mashavu yaliyobonyea laweza kuonekana kama maumivu. Fundi hodari huliona hilo, akalegeza shavu kidogo, mpaka mzee acheke kizee.