Jarida Moja, Vigezo Viwili

Mwaka 1979 Mary Leakey aliandika mara mbili juu ya jambo lile lile: nyayo za Laetoli, zile alama za miguu zilizokanyagwa kwenye majivu ya volkano katika eneo la Ngorongoro zaidi ya miaka milioni 3.6 iliyopita, majivu yakagandamana yakawa mwamba. Makala ya kwanza, aliyoiandika pamoja na mwanajiolojia Richard Hay, ilitoka katika Nature ya Machi 22. Ya pili, aliyoiandika peke yake, ilitoka katika National Geographic ya Aprili. Ile ya Machi iliandikiwa wanasayansi wenzake. Ile ya Aprili iliandikiwa yeyote mwenye hamu ya kusoma na jicho la kutazama picha.

Mhariri wa Wikipedia ya Kiswahili anayetunga ukurasa wa Laetoli atazihitaji zote mbili, na hapo ndipo lugha yake mwenyewe inapomtega. Kwetu Nature ni jarida, na National Geographic nayo ni jarida. Tukibanwa tunaongeza maneno: jarida la kitaaluma, jarida la kila mwezi, jarida la mitindo. Mfumo wa rejea wa Wikipedia unabana tangu mwanzo. Kwa majarida una vigezo viwili, yaani fomu za kujazwa, cite journal na cite magazine, na kila kimoja kinapanga taarifa zile zile kwa sura yake. Mhariri mwenye neno moja kichwani huchukua kigezo cha kwanza alichokizoea, akakitumia kwa kila kitu. Nasema hivyo kwa sababu kurasa zangu za zamani zinanishuhudia.

Je, kuna ubaya gani? Rejea ni maelekezo ya njia kwa mtu asiyekuamini. Atakayeibofya ni yule aliyesoma sentensi yako akaguna. Mtu huyo anahitaji kujua aanzie wapi, na jarida la kitaaluma halitafutwi kama linavyotafutwa jarida la kibandani. Vigezo viwili vimetokana na namna mbili za kutafuta.

Kwanza tuangalie mtambo wenyewe. Wikipedia ilianza Januari 2001 bila njia maalumu ya kuweka tanbihi. Alama ya ref, inayofungwa mwishoni mwa sentensi na kuzaa ile namba ndogo ya juu, ilikuja mwishoni mwa 2005. Vigezo vya rejea navyo vilikua kidogo kidogo, vikawa vizito kiasi cha kuchelewesha kurasa zenye tanbihi nyingi kufunguka, hadi 2013 Wikipedia ilipoanza kutumia lugha ya programu ya Lua. Tangu hapo kazi yote hufanywa na moduli moja. Wewe unajaza vipengele. Moduli inaweka mabano, nukta, mlazo na wino mzito. Kwa hiyo ukiandika “Vol. 278” kwenye kipengele cha juzuu umefanya kazi isiyo yako, na moduli itakulalamikia kwamba kuna maandishi ya ziada. Andika 278, basi.

Hii hapa rejea ya Nature kama inavyojazwa:

{{cite journal |last1=Leakey |first1=M. D. |last2=Hay |first2=R. L. |date=1979 |title=Pliocene footprints in the Laetolil Beds at Laetoli, northern Tanzania |journal=Nature |volume=278 |issue=5702 |pages=317–323 |doi=10.1038/278317a0}}

Msomaji ataiona hivi:

Leakey, M. D.; Hay, R. L. (1979). “Pliocene footprints in the Laetolil Beds at Laetoli, northern Tanzania”. Nature. 278 (5702): 317–323. doi:10.1038/278317a0.

Jina la makala limefungwa kwenye alama za mtajo, jina la jarida limelazwa. Kisha linakuja fungu la tarakimu ambalo wengi hulipita kama namba ya simu ya mtu wasiyemjua: 278 ni juzuu, nayo hukozwa wino, 5702 ni namba ya toleo, imetiwa kwenye mabano, baada ya nukta pacha ni kurasa. Mpangilio huo umetoka maktabani. Matoleo ya jarida la kitaaluma hukusanywa na kufungwa pamoja kwa jalada gumu, na kinachoandikwa mgongoni ni namba ya juzuu. Namba za kurasa huendelea toka toleo hadi toleo mpaka juzuu liishe. Ndiyo maana makala ya kurasa saba inaanzia ukurasa wa 317. Ukishika 278 na 317 umefika, hata namba ya toleo ikipotea.

Tazama sasa ile doi, namba ya kudumu ya makala. Kila doi huanza na 10, ikifuatiwa na nukta na namba ya msajili. 1038 ni ya wachapishaji wa Nature. Baada ya mkwaju kuna 278317a0. Isome polepole: 278, halafu 317. Juzuu na ukurasa wa kwanza vimeshonwa ndani ya namba yenyewe. Wachapishaji wengine hawafuati mtindo huu, lakini kwa makala za zamani za Nature ni kipimo kizuri: kama tarakimu za doi hazilingani na juzuu na ukurasa ulioandika, umekosea mahali. Tena, doi ikiwapo hakuna haja ya kuandika tarehe uliyoifungua makala. Tarehe hiyo ni ya anwani za tovuti, ambazo leo ziko na kesho hazipo. Ukiiweka bila anwani, moduli itakuonya.

Sasa ile ya Aprili:

{{cite magazine |last=Leakey |first=Mary D. |date=April 1979 |title=Footprints in the Ashes of Time |magazine=National Geographic |volume=155 |issue=4 |pages=446–457}}

Nayo hutokea hivi:

Leakey, Mary D. (April 1979). “Footprints in the Ashes of Time”. National Geographic. Vol. 155, no. 4. pp. 446–457.

Hapa tarakimu zimevishwa majina yao: juzuu limeitwa juzuu, toleo limeitwa toleo. Kigezo kinadhani msomaji wa jarida la kawaida hana mazoea ya kufumbua fungu la namba tupu. Na kilichotangulia, kikakaa karibu na jina la mwandishi, ni mwezi. Mwenye rundo la National Geographic sebuleni hajui juzuu la 155 ni lipi. Anajua Aprili 1979, kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwenye jalada. Ukimpa mwaka peke yake umempa matoleo 12 ayapekue.

Msomaji makini atakuwa ameshaniuliza: mbona makala ya jarida la kila mwezi inaanzia ukurasa wa 446? Aprili moja haina kurasa zote hizo. Jibu ni kwamba National Geographic ya wakati huo nayo iliendeleza kurasa toka toleo hadi toleo, kama jarida la kitaaluma. Kwa tarakimu peke yake huwezi kuyatenganisha majarida haya mawili. Inabidi uulize mambo mengine: makala ilipitiwa na wataalamu wenzake mwandishi kabla ya kukubaliwa? Imetaja vyanzo vyake? Imeandikiwa nani? Kuchagua kigezo, basi, ni kumwambia msomaji uzito wa ushahidi uliomwekea mezani. Anayeirejea makala ya picha kwa kigezo cha kitaaluma anaivisha joho ambalo haikulivaa.

Magazeti na majarida yetu ya zamani hufuata kanuni hiyo hiyo. Mambo Leo, lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa la kila mwezi. Mwezi na mwaka ndiyo anwani yake, na ukurasa ndiyo mlango. Lakini hapa panazuka kero nyingine. Moduli ilizaliwa ikijua majina ya miezi kwa Kiingereza. Kila Wikipedia inayoichukua inapaswa kujaza orodha yake ya miezi kwenye ukurasa wa usanidi, la sivyo “Aprili” na “Agosti” zitahesabiwa kuwa makosa. Vivyo hivyo kwa vifupisho: pp. inapaswa kuwa kur., p. iwe uk. Na neno toleo lina mitego yake, maana kwetu ni namba ya jarida la mwezi huu na pia ni chapa ya pili ya kitabu. Mwenye kutafsiri vipengele asipoweka wazi ni toleo lipi, kitabu kitapewa namba ya jarida.

Kuna kosa jingine ambalo moduli haiwezi kulinusa, nalo ni la majina. Kigezo kinataka jina la mwisho kwanza. Kwa Leakey hakuna tabu. Chukua sasa waandishi wawili wa Zanzibar: Mohamed Said Abdulla, aliyemtunga mpelelezi Bwana Msa, na Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Utengano. Kwa utaratibu, wa kwanza ni Abdulla, M. S. na wa pili ni Mohamed, S. A. Mhariri akiteleza, akaliweka jina la kwanza la Abdulla mahali pa jina la mwisho, atapata Mohamed, S. A. Hilo ndilo jina la mwenzake, herufi kwa herufi. Kosa halionekani kuwa kosa. Linaonekana kuwa mtu mwingine. Kwa majina ya namna hii mimi huandika yote kwa kirefu, sifupishi hata moja.

Majarida nayo hubadili majina. Jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lina ukoo unaorudi hadi kwenye Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930, na katika miaka ya 1960 liliitwa Swahili. Makala ya miaka hiyo irejewe kwa jina lililochapwa siku ile, kwa sababu ndilo lililo mgongoni mwa juzuu. Swahili Forum ina mkasa wake. Namba yake ya kwanza, ya 1994, ilitoka ndani ya mfululizo wa Chuo Kikuu cha Köln uitwao Afrikanistische Arbeitspapiere, ikiwa juzuu la 37. Kwa hiyo makala moja ina anwani mbili za kweli: Swahili Forum I, na AAP 37. Ukitaja moja tu, msomaji aliye kwenye rafu ya pili atarudi mikono mitupu. Mimi hujaza moja kwenye kigezo, kisha nyingine naiandika kwa maneno baada ya kufunga kigezo, ndani ya tanbihi ile ile.

Panapokuwa na majina mengi, ISSN, namba ya utambulisho ya jarida, husaidia. Ni tarakimu nane, na ya mwisho ni ya ukaguzi. Ile ya jarida la Kiswahili ni 0856-048X. Nimewahi kuona mtu akiifuta ile X akidhani kidole kiliteleza. X hiyo ni kumi, kwa namba za Kirumi. Zidisha tarakimu saba za mwanzo kwa 8, 7, 6, 5, 4, 3 na 2: unapata 0, 56, 30, 30, 0, 12 na 16, jumla 144. Ongeza ile kumi, inakuwa 154, ambayo inagawanyika kwa 11 bila baki. Moduli hufanya hesabu hii kila mara. Tarakimu moja ikikosewa, haigawanyiki, na onyo jekundu linatokea.

Utasema siku hizi kuna zana ya kujaza rejea yenyewe: unabandika doi au anwani, vipengele vinajijaza. Kwa doi hufanya kazi nzuri, kwa sababu taarifa zimesajiliwa na mchapishaji. Kwa majarida ya kawaida mambo ni bahati nasibu. Siku moja nilibandika anwani ya makala ya jarida fulani la kila mwezi. Ikarudi na mwandishi aitwaye “Admin”, tarehe ya siku makala ilipopandishwa upya mtandaoni, miaka kadhaa baada ya kuchapwa, na kigezo cha tovuti. Juzuu, toleo na ukurasa havikuwamo. Kwa macho ilikuwa rejea kamili, yenye rangi ya buluu na nukta zake zote. Nilikaribia kuihifadhi.

Tangu siku hiyo nina jaribio moja. Najifanya mtandao umekatika, na mbele yangu yuko mkutubi. Namsomea tanbihi yangu kwa sauti, bila kuongeza neno. Kwa Nature, 278 na 317 zinatosha kumnyanyua kitini. Kwa National Geographic, Aprili 1979 inatosha. Akinyanyuka akaelekea kwenye rafu, nahifadhi ukurasa. Akiniuliza swali la pili, kuna kipengele sijakijaza.