Mugango hadi Butiama: Maji Yapo, Kazi ni Kuyateka

Mwishoni mwa mwaka 2022 wakazi wa Dar es Salaam walipewa maji kwa mgawo. Mvua zilichelewa, Mto Ruvu ukapungua, na mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ikakosa maji ya kutosha. Jiji lile linategemea mto usio na akiba nyuma yake, na ndiyo maana Serikali ikaufufua mpango wa miaka mingi wa Bwawa la Kidunda. Mkoani Mara hali ni tofauti. Musoma, Bunda na Butiama zinateka maji ya Ziwa Victoria, lenye eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi. Kwao, tishio la tabianchi si ziwa kukauka. Tishio ni ziwa kupanda na kushuka kuliko mitambo ilivyotarajia.

Tuutazame mradi wa Mugango–Kiabakari–Butiama. Ni mradi wa takriban Sh bilioni 70.5, uliogharimiwa na benki ya Kiarabu ya BADEA, Mfuko wa Maendeleo wa Saudia na Serikali ya Tanzania. Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi Februari 2022. Maji yanatekwa Mugango kando ya ziwa, yanasafishwa, kisha yanasukumwa nchi kavu hadi Kiabakari, palipokuwa na mgodi wa dhahabu, na Butiama, alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Nyerere. Uwezo wake ni lita milioni 35 kwa siku.

Je, ziwa litapungua kwa kutekwa hivyo? Lita milioni 35 ni mita za ujazo 35,000. Mtambo ukifanya kazi mwaka mzima bila kusimama, utachota mita za ujazo milioni 12.8. Zitandaze juu ya ziwa lote, utapata kina cha moja ya tano ya milimita. Jua peke yake huondoa zaidi ya mita moja kila mwaka. Kwa hiyo hofu ya kulimaliza ziwa kwa mabomba haina msingi.

Hofu yenye msingi iko kwingine. Sehemu kubwa ya maji yanayoingia ziwani, takriban asilimia 80, ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mito huleta kidogo. Mvua ikikosekana misimu miwili au mitatu, ziwa linashuka; ikizidi, linafurika. Mwaka 2006, kwa ukame na kwa maji mengi kufunguliwa kwenye mabwawa ya umeme ya Jinja, Uganda, kipimo cha kiwango cha ziwa kilichoko Jinja kilishuka hadi karibu mita 10.4. Mei 2020 kilifika mita 13.42, na Mei 2024 kikavunja rekodi hiyo. Ndani ya miaka 18 ziwa lilicheza kwa zaidi ya mita tatu. Watafiti waliochunguza mafuriko ya 2020 walikadiria kuwa ongezeko la joto duniani liliufanya uwezekano wa kupanda kule uwe karibu mara 1.8, ingawa wao wenyewe walisema makadirio hayo yana pengo pana.

Mita tatu kwa fundi wa maji maana yake nini? Ufuo ukiwa na mteremko wa mita moja kwa kila mita 100, ziwa likishuka mita tatu maji yanarudi nyuma mita 300. Bomba lililoishia kwenye maji ya magoti linabaki juu ya mchanga. Pampu nayo ina ukomo wake. Kwenye mwinuko wa ziwa hili, mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa haiwezi kuyapandisha maji kwenye bomba la kuvutia hata mita tisa. Kwa vitendo fundi hutegemea tano au sita. Dawa yake ni kupeleka mdomo wa bomba mbali kwenye kina, kuyaacha maji yatiririke yenyewe hadi kwenye kisima kilichochimbwa chini ya kiwango cha 2006, na kuweka mota na swichi za umeme juu ya kiwango cha 2024. Kitekeo, yaani mahali pa kuteka maji, kilichopimwa kwa mwaka mmoja wa kawaida kitafeli ama kwa ukame ama kwa mafuriko.

Kina kinasaidia pia ubora. Karibu na ufuo kuna tope, mwani na magugu maji, na mafuriko huzoa uchafu wa vyoo na mazizi. Maji yakichafuka, shabu na klorini vinatumika zaidi na vichujio vinaziba mapema. Kampala imelipa gharama ya somo hili: ghuba inayohudumia mitambo ya Gaba imechafuka kiasi kwamba jiji lilijengewa mtambo mpya mbali, Katosi wilayani Mukono, wenye uwezo wa lita milioni 160 kwa siku.

Kuna kiungo kingine kinachosahaulika, nacho ni umeme. Kuinua lita milioni 35 kwa kila mita 100 za mwinuko kunahitaji uniti 9,500 hivi kwa hesabu ya darasani, na zaidi ya 13,000 ukiweka upotevu wa pampu. Umeme wetu hutegemea sana mabwawa. Ukame wa 2022 uliopunguza maji Ruvu ulileta pia mgawo wa umeme nchini. Kwa hiyo ukame wa bonde la mbali unaweza kukausha bomba la Butiama huku ziwa likiwa limejaa pomoni.

Uamuzi wangu ni huu: kuchagua ziwa kuwa chanzo cha Butiama ni sahihi, lakini ukubwa wa ziwa si kinga. Kinga ni kina cha mdomo wa bomba, pampu ya akiba, umeme wa dharura na matenki ya kuhifadhi maji ya zaidi ya siku moja. Mamlaka za maji zipime na kutangaza kiwango cha ziwa kila mwezi pale pale kwenye kitekeo. Na wananchi wa vijijini wasiyatelekeze malambo, visima na mifereji ya kukinga maji ya mvua kwa sababu bomba limefika. Siku pampu itakapozima, hayo ndiyo yatakayowanywesha.